Mama anapata SSI na stempu za chakula, unaweza kumweka kwenye kodi yako? Fanya hesabu hivi

Kila Januari ikifika hapa Marekani swali hili linarudi, kanisani, msikitini, kazini wakati wa mapumziko: mama naishi naye, anapata SSI, ile hela ya serikali ya wazee na walemavu wenye kipato kidogo, anapata stempu za chakula, yaani SNAP, ana Medicaid, ile bima ya afya ya wenye kipato kidogo, sasa je naweza kumweka kama tegemezi kwenye kodi yangu au nitamharibia mambo yake? Na majibu ni yaleyale mawili, mmoja anakwambia usithubutu, ukimgusa tu wanamkatia, mwingine anakwambia weka tu, mbona mimi nimeweka na hela imeingia.

Wote wawili hawajakusaidia. Ukweli ni kwamba kupata msaada wa serikali hakumzuii mtu kuwa tegemezi wako. Kinachoamua ni hesabu ya mwaka mzima, nani alibeba zaidi ya nusu ya gharama za kumtunza, wewe au serikali na yeye mwenyewe. Afu kuna jambo la pili ambalo mimi naliona ndo zito kuliko lote: hadithi unayoipeleka IRS, ofisi ya kodi, lazima iwe ileile mliyoipeleka ofisi ya Social Security na ofisi ya stempu. Huwezi kuwaambia hawa kwamba mama anajilipia kila kitu, afu ukawaambia wale kwamba wewe ndo unamlipia kila kitu. Watu wetu wengi wanaoumia wanaumia hapo, na wengi hawakuwa na nia mbaya, ni vile fomu moja alijaza mtoto mkubwa, nyingine akajaza jirani, ya tatu akajaza mtengeneza kodi ambaye hakuuliza chochote.

Namba zote humu ni za mwaka wa kodi 2025, ile ambayo tarehe ya mwisho ya kufaili ni 15 Aprili 2026. Ukisoma hii kwa ajili ya mwaka mwingine, hatua ni zilezile ila viwango vinapanda kidogo kila mwaka, kwa hiyo angalia vipya kwenye tovuti ya IRS, tafuta chapisho namba 501.

Anza na mtu mwenyewe kabla hujashika kalkuleta

Cha kwanza kabisa, tegemezi lazima awe raia wa Marekani au mkazi wa Marekani kwa sheria za kodi, mwenye green card kwa mfano, au awe mkazi wa Canada au Mexico. Mama aliyeko Tabora, Bukavu au Kisii unayemtumia hela kila mwezi, kama si raia wa Marekani wala hana green card, huwezi kumweka, hata kama bila wewe hali chakula. Najua inauma, kwa sababu wengine tunatunza kaya nzima huko nyumbani, lakini sheria ndo ilivyo na hakuna njia ya kuizunguka, kwa hiyo ukimsikia mtu anakuahidi atakuwekea wazazi walioko Afrika ujue anakutengenezea deni.

Pili ni undugu. Mzazi, babu, bibi, kaka, dada hata wa baba mmoja au mama mmoja tu, mama wa kambo na baba wa kambo, mjomba, shangazi, mama mdogo, baba mdogo, mtoto wa kaka au dada yako, wakwe zako na mashemeji, hawa wote hata wakiishi nyumba nyingine unaweza kuwaweka kama masharti mengine yametimia. Lakini mtoto wa mjomba au wa shangazi, hata kama mmelelewa sufuria moja, kwa IRS huyo lazima awe ameishi kwako mwaka mzima kuanzia Januari mpaka Desemba. Hivohivo mke wa mjomba, au mtoto wa dada wa mume wako kama wewe na mume wako hamfaili pamoja, hawa si ndugu zako wa damu kwa hiyo bila kukaa kwako mwaka mzima hawaingii. Kulazwa hospitali au kwenda shule ya bweni hakuvunji ule mwaka, mtu anahesabiwa bado yuko kwako.

Tatu ni kipato chake. Kwa mwaka 2025 kipato chake kinachotozwa kodi lazima kiwe chini ya dola 5,200. Hapa ndo watu wanaogopa bure, wanaona mama anapata SSI elfu saba, elfu kumi na moja kwa mwaka, wanasema tayari amezidi. Hapana. SSI haitozwi kodi kwa hiyo haimo kabisa kwenye hizo 5,200. Stempu za chakula hazimo. Ile Social Security ya kustaafu nayo kwa mzee asiye na kipato kingine kwa kawaida haitozwi, kwa hiyo haimo. Kinachomtoa mtu hapa mara nyingi ni mshahara: mama akifanya kazi ya kufua hotelini miezi minne akapewa W-2, ile karatasi ya mshahara wa mwaka, ya dola 6,000, basi huyo mwaka huo hayumo, hata kama zilizobaki zote ulimpa wewe.

Mengine mafupi: asiwe amefaili kodi ya pamoja na mume wake, isipokuwa kama walifaili tu ili warudishiwe hela iliyokatwa. Wewe mwenyewe usiwe tegemezi wa mtu. Na awe na namba ya Social Security au ITIN, ile namba ya kodi ya asiye na Social Security.

Sasa ile nusu

Hapa ndo penyewe. Unatafuta jumla ya gharama zote za kumtunza mtu huyo kwa mwaka, haijalishi nani alilipa, afu unaangalia wewe ulilipa kiasi gani. Ikizidi nusu hata kwa dola moja, umepita. Ikiwa nusu kamili, hujapita.

Gharama zinazoingia ni malazi, chakula, umeme na maji na gesi, nguo, matibabu na meno na dawa zile ulizolipa mfukoni, bima ya afya unayomlipia, usafiri, simu, masomo kama anasoma, hata tiketi ya ndege ya kwenda kusalimia nyumbani. (Kuhusu tiketi, angalia sana: mtu wa SSI akikaa nje ya Marekani siku 30 mfululizo SSI inasimama, na akirudi lazima akae tena siku 30 mfululizo ndo aanze kupata. Nimeona wazee wanakwenda msibani Kigoma wanakaa miezi miwili, wanarudi hela hakuna, na hakuna aliyewaambia.)

Malazi yanahesabiwa namna mbili. Kama umepanga, unatumia pango ulilolipa. Kama nyumba ni yako, hutumii ile unayolipa benki, unatumia bei ambayo nyumba kama hiyo ingepangishwa mtaani kwenu. Hii inawasaidia wengi na wengi hawaijui, kwa sababu mtu analipa benki dola 1,100 wakati nyumba kama yake inapangishwa 2,000, anajipunja mwenyewe.

Zisizoingia: bima ya maisha, gharama za mazishi, kodi anazolipa yeye kwenye kipato chake, na malipo ambayo Medicare, bima ya afya ya serikali ya wazee, inalipa hospitali. Kwa hiyo mama akifanyiwa upasuaji wa dola 60,000 na Medicare ikalipa, usiogope, hiyo haiingii kwenye hesabu kabisa, si upande wako wala upande wa serikali.

Upande wa serikali unaingiza nini? SSI aliyoitumia kwa matunzo yake, stempu za chakula, hela za ustawi, na msaada wa nyumba. Huu wa nyumba unasahaulika sana. Mama kama anaishi kwenye apatimenti ya wazee ambayo pango lake ni dola 1,100 na yeye analipa 280 tu, zile 820 zinazolipwa na serikali kila mwezi ni karibu dola 9,840 kwa mwaka upande wa serikali, kabla hujaweka SSI wala chakula. Wewe hapo ungemnunulia nguo na dawa na umpeleke nyama kila wiki, bado mara nyingi hufiki nusu. Ni vizuri kulijua hilo mapema usipoteze muda.

Na kuna kanuni ndogo lakini inaokoa: hela ya msaada inayotolewa kwa sababu mtu ana shida, inachukuliwa kwamba yote ameitumia kwa matunzo yake, ila ukiweza kuonyesha kwamba sehemu yake haikutumika kwake, hiyo sehemu haihesabiwi. Shikilia hapo, tutarudi kwa mfano.

Mfano wa Neema na mama yake

Tuseme Neema yuko Houston, hajaolewa, anafanya kazi ghala, anapata dola 45,000 kwa mwaka. Anaishi na mama yake wawili tu. Mama anapata SSI. Kiwango kizima cha SSI cha serikali kuu kwa 2025 ni dola 967 kwa mwezi, lakini mama kwa sababu anakaa kwa mwanae bila kuchangia pango, Social Security imempunguzia theluthi, anapata kama 645. Kwa mwaka ni 7,740.

Neema anakaa mezani na stakabadhi zake. Pango 1,400 mara miezi 12 ni 16,800. Umeme, maji na gesi 2,400. Chakula cha nyumba nzima, cha kwake na cha mama, 7,200. Jumla 26,400. Wako wawili, anagawa kwa mbili, sehemu ya mama ni 13,200. Afu anaongeza vitu vya mama peke yake: nguo 600, meno na dawa za mfukoni 900, simu na usafiri 900, hizo ni 2,400. Jumla ya matunzo ya mama kwa mwaka ni 15,600, nusu yake 7,800.

Sasa anachukua hali mbaya kuliko zote, anasema haya, tuseme SSI yote ya mama ilitumika kwa mama mwenyewe. 15,600 toa 7,740, inabaki 7,860. Amepita nusu kwa dola 60.

Anafurahi, afu anakumbuka mama ana kadi ya stempu, anaingiziwa dola 100 kwa mwezi, ananunua chakula chake na anapika mwenyewe. Hizo ni 1,200 kwa mwaka na zimo ndani ya ile 7,200 ya chakula, lakini Neema siye aliyezilipa. Upande wa serikali sasa ni 8,940, upande wa Neema ni 6,660. Ameanguka.

Wengi wanaishia hapa, au mbaya zaidi wanazisahau zile stempu makusudi. Neema hasahau, ila anauliza swali lingine: SSI ya mama kweli yote ilikwenda kwa mama? Anafungua simu ya mama, kwenye programu ya kutuma hela kuna dola 150 kila mwezi kwa wajukuu walioko Kasulu, ada na madaftari. Miezi 12, dola 1,800. Hela hiyo ni ya mama na alikuwa na haki ya kuituma, lakini haikutumika kumtunza yeye, na ushahidi upo, tarehe na kiasi na jina. Kwa hiyo SSI iliyotumika kwa mama ni 7,740 toa 1,800, yaani 5,940, ongeza stempu 1,200 inakuwa 7,140. Na 15,600 toa 7,140 ni 8,460. Neema amepita, na amepita kwa haki, na ana karatasi mkononi.

Bila zile risiti za kutuma hela, asingepita. Ndo maana nasema karatasi kwanza, hesabu baadaye. Na hesabu hii usiifanye kichwani, ndani ya chapisho 501 kuna jedwali lake la kujaza mstari kwa mstari, lijaze, liweke tarehe, lihifadhi.

Neema anapata nini kwa kazi yote hiyo

Kuna vitu viwili. Cha kwanza ni punguzo la dola 500 kwa tegemezi asiye mtoto mdogo. Hili linakupunguzia kodi unayodaiwa lakini halikupi hela kama huna kodi ya kulipa, na linaanza kupungua kwa mtu anayepata zaidi ya 200,000, kwa wanandoa wanaofaili pamoja 400,000.

Cha pili ndo kikubwa, na wengi wanakiacha. Kama huna ndoa, mzazi tegemezi anaweza kukufanya uwe mkuu wa kaya, kwenye fomu imeandikwa Head of Household. Mseja kwa 2025 anasamehewa kodi kwenye dola 15,750 za kwanza, mkuu wa kaya 23,625. Kwa Neema wa 45,000, akifaili kama mseja bila mama kodi yake ni kama 3,270, akifaili kama mkuu wa kaya na mama ni kama 1,725. Tofauti ni zaidi ya dola 1,500, hiyo ni zaidi ya pango la mwezi mzima.

Lakini sharti la mkuu wa kaya ni hesabu nyingine tofauti, usiichanganye na ile ya kwanza. Hapa unaangalia gharama za nyumba tu, pango, umeme, matengenezo, chakula kinacholiwa nyumbani, na wewe uwe umelipa zaidi ya nusu. Stempu na hela za ustawi zilizotumika nyumbani zinaingia kwenye jumla lakini hazihesabiwi kuwa zako. Kwa mzazi kuna upendeleo mzuri, si lazima aishi na wewe, unaweza kuwa unamlipia zaidi ya nusu ya nyumba yake mwenyewe au makao ya wazee. Kwa ndugu wengine lazima waishi kwako zaidi ya nusu ya mwaka. Na binamu hata ukae naye mwaka mzima hakupi ukuu wa kaya, anakupa zile 500 tu.

Na ile hela ya watu wa kipato kidogo, EITC, mzazi haikuongezei, hiyo ni kwa watoto. Mtengeneza kodi akikuambia mama atakuongezea EITC, chukua karatasi zako uondoke.

Je mama atakatiwa?

Hofu hii naielewa kabisa na ndo inafanya watu wengi waache haki yao. Tuchukue moja moja.

SSI haiangalii kodi yako. Kumweka mama kama tegemezi peke yake hakumpunguzii. Kinachompunguzia ni kukaa kwako bure, na hiyo ilipaswa kuwa imeshasemwa Social Security tangu siku alipohamia. Mabadiliko ya makazi yanatakiwa kuripotiwa ndani ya siku 10 baada ya mwezi kuisha. Kuanzia 30 Septemba 2024 chakula unachompa hakihesabiwi tena kumpunguzia SSI, wanaangalia malazi, kwa hiyo usimnyime mama ugali kwa kuogopa ofisi. Sasa ile hatari yenyewe ni hii: kama mama anapata 967 nzima kwa sababu mliandika kwamba anakulipa sehemu yake ya pango na umeme, basi hela hiyo anayokulipa ni matunzo aliyojilipia yeye, iondoe kwenye upande wako. Ukiwa mkweli kwenye hilo mara nyingi utakuta hufiki nusu, na hapo acha, usimweke. Huwezi kula pande zote mbili za hesabu moja.

Stempu nazo haziangalii nani yuko kwenye kodi ya nani, zinaangalia nani ananunua na kupika pamoja. Mtu mzima mwenye miaka 22 na zaidi anaweza kuishi nyumba moja na mama yake na kila mmoja akawa kaya yake ya stempu, mradi kweli wananunua na kupika mbalimbali. Kama sufuria ni moja basi kaya ni moja na kipato chako kinaingia, na hapo mliyoandika kwenye fomu ya stempu yafanane na maisha yenu. Pia sheria iliyosainiwa Julai 2025 imewabana wasio raia kwenye SNAP, kwa hiyo kama mama bado hana uraia, barua yoyote ya stempu inayokuja isomwe siku hiyohiyo.

Medicaid: mtu mwenye SSI au mwenye miaka 65 na zaidi kwa kawaida anapimwa kwa kanuni zake, si kwa kodi yako. Kwa wazazi wenye umri mdogo zaidi wanaopimwa kwa kanuni za kodi, kuna kifungu kinachosema tegemezi ambaye si mtoto wala mwenzi wa anayefaili anahesabiwa kaya kivyake. Mama yako si mtoto wako, kwa hiyo mshahara wako haumwagikii kwake kwa sababu tu umemweka kwenye kodi. Ofisi za kaunti wakati mwingine zinakosea hili, ukipata barua ya kumtoa omba rufaa kabla tarehe iliyoandikwa haijapita.

Kama wewe bima yako ni ya Marketplace, lile soko la bima za afya la serikali, waambie kwamba kaya yako ya kodi imeongezeka mtu, kwa sababu ukubwa wa kaya unaingia kwenye hesabu ya msaada wako wa bima.

Na mwenye mama aliyekuja kwa fomu I-864, yaani wewe ndo ulisaini kumdhamini, hapa tulia kidogo. Ile sahihi inakufunga kwa kawaida mpaka awe raia au afikishe robo 40 za kazi, yaani karibu miaka 10. Kipato chako kinaweza kuhesabiwa kama chake anapoomba SSI au stempu, na ofisi iliyomlipa inaweza kukudai. Kabla hajaomba msaada wowote, na kabla hujamweka kwenye kodi huku anapata msaada, kaa na mwanasheria wa uhamiaji au shirika la msaada wa sheria la bure. Usimtegemee mtengeneza kodi kwa hili.

Mkiwa ndugu wengi mnachanga

Hii ndo hali ya familia zetu nyingi, mmoja analipa pango la mama, mwingine dawa, wa tatu anatuma vyakula, hakuna hata mmoja aliyefika nusu peke yake. Kuna fomu 2120. Kama nyinyi kwa pamoja mmezidi nusu, na serikali na mama mwenyewe wamebaki chini ya nusu, mmoja wenu aliyechangia zaidi ya asilimia 10 anaweza kumweka mama, wengine wote waliozidi asilimia 10 wanamwandikia karatasi na kusaini kwamba mwaka huu hawamweki. Mwakani mnabadilishana kama mnataka. Kaeni kikao cha familia mapema, Desemba, si mwezi wa tatu watu wameshafaili. Ila kwa njia hii mama hakupi ukuu wa kaya, ni zile 500 tu.

Mtoto wa dada ni habari nyingine kabisa

Kama unayemlea ni mtoto, mdogo wako au mtoto wa kaka au dada, chini ya miaka 19, au chini ya 24 kama ni mwanafunzi wa muda wote, na mdogo kwako kwa umri, ameishi kwako zaidi ya nusu ya mwaka, ile hesabu ya nusu inageuka. Hawaulizi wewe ulilipa nusu, wanauliza kama mtoto mwenyewe alijilipia zaidi ya nusu. Msaada wa serikali kwa mtoto haumfanyi awe amejilipia. Kwa hiyo wanaoacha kumweka mpwa wao kwa sababu anapata TANF, ile hela ya ustawi ya familia zenye watoto, au Medicaid wanapoteza, kwa sababu mtoto chini ya 17 mwenye namba ya Social Security inayoruhusu kazi anaweza kuleta hadi dola 2,200 kwa 2025, na EITC juu yake. Angalizo ni moja, kama mzazi wake naye yupo anaweza kumweka, mzazi anatangulia, zungumzeni.

Karatasi, kufaili, na barua ikija

Weka bahasha moja: mkataba wa pango na risiti, bili za umeme, barua ya Social Security ya kiwango cha SSI (watu wa SSI hawatumiwi ile fomu SSA-1099 kwa hiyo usiisubiri, ingia kwenye akaunti yake ya my Social Security au nendeni ofisini muombe barua ya uthibitisho), barua ya stempu yenye kiasi cha kila mwezi, risiti za dawa, historia ya hela zilizotumwa, na cheti cha kuzaliwa au chochote kinachoonyesha undugu. Vyeti vya kwetu majina yanatofautiana, mama kwenye pasipoti ana jina moja na kwenye cheti chako ana lingine, lishughulikieni mapema kwa kiapo au barua. Tunza yote angalau miaka mitatu.

Kufaili bure kuna VITA, vituo vya watu wanaojitolea kujaza kodi, na wenye miaka 60 na zaidi kuna TCE, vituo vyao vinatafutwa kwenye irs.gov, piga simu kwanza uulize kama wana mtu anayeongea Kiswahili. Nenda na lile jedwali lako limeshajazwa. Ukilipa mtu, lazima asaini na kuweka namba yake ya PTIN, ile ambayo IRS inampa mtengeneza kodi. Kama mama naye anafaili ili arudishiwe hela iliyokatwa kazini, aweke alama kwenye kisanduku kinachosema kuna mtu anaweza kumdai kama tegemezi.

Kumweka mtu kwa uzembe bila kujali kanuni kunaweza kukufungia mapunguzo hayo miaka miwili, kwa udanganyifu miaka 10, hiyo ni juu ya kurudisha hela na riba. Kwa hiyo kama hesabu haikufika, mwache mwaka huu.

Ukituma kwa mtandao ikakataliwa kwamba namba ya mama tayari imetumika, usikimbilie kumfuta. Uliza ndugu zako kwanza. Kama una haki, chukua IP PIN yako, namba ya siri ya kuthibitisha kwamba ni wewe, kwenye akaunti ya IRS utume tena nayo, siku hizi wanapokea hata kama mwingine ameshamtaja, au chapisha utume kwa posta. Baadaye inaweza kuja barua ya IRS iitwayo CP87A, kwako na kwa yule mwingine aliyemweka mama, ikisema tegemezi mmoja amewekwa na watu wawili. Ikija na hesabu yako iko sawa, huna haja ya kubadilisha kitu, asiye na haki ndo arekebishe kwa fomu 1040-X. Na wakiandika wanataka ushahidi, toa nakala za ile bahasha, usitume halisi, jibu ndani ya tarehe waliyoandika, na tuma kwa posta yenye sahihi ya kupokelewa.